Tumefika albamu ya 11 ya Guided by Voices na kundi limegawanyika, turuke au twende nayo?

pwani_ya_malindi

Assalaam aleikum nyote. Nna suali na naomba mnisaidie kwa kweli maana limenikaa kifuani wiki nzima.

Sie ni watu saba hapa Unguja, tunakutana kila Jumamosi baada ya isha kwa binamu yangu majumba ya Michenzani ghorofa ya tatu, tunasikiliza albamu moja mwanzo mpaka mwisho bila kuruka wimbo, simu zote zinawekwa kwenye sinia isipokuwa ile inayopiga muziki, na hakuna kusema mpaka wimbo wa mwisho umalize ndo watu wanafungua midomo. Kahawa ipo, kashata zipo. Bendi tulonayo sasa hivi ni Guided by Voices na mie ndo nilowaletea wenzangu kwa hiyo kundi likivunjika naona kama nimevunja mie.

Kwa asojua, hawa ni watu wa Dayton, Ohio, Marekani, walianza 1983, roki ya gitaa, na anaeandika karibu kila kitu na kuimba ni Robert Pollard. Albamu zao zimeshapindukia 40. Bendi nyengine inakaa miaka minne haijatoa kitu, hawa mwaka 2012 walitoa tatu, 2019 wakatoa tatu, 2020 tatu tena. Ndo maana nikasema bendi kama hii huwezi kuisikiliza peke yako ukaimaliza, inataka watu, mmoja akichoka mwengine anamshika mkono.

Tumekwenda kwa mpangilio tangu 1987. Devil Between My Toes na Sandbox tulizisikiliza kwa heshima tu, unasikia watu bado wanatafuta njia. Same Place the Fly Got Smashed ya 1990 ilituchelewesha kulala, inazunguka habari za mlevi na inauma. Halafu Propeller ya 1992, ile waliyodhani ndo ya mwisho wao, wakatoa santuri 500 na kila moja ina jalada lake lililotengenezwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana, na mwanzo kabisa unasikia umati unaita jina la bendi kumbe umati wenyewe hamna, wamejirikodi wenyewe. Binamu yangu alitutaka tuurudie ule mwanzo mara nne. Mtu hana mashabiki anajiitia mashabiki, na baadae wakaja kweli na wanaita vile vile. Bee Thousand 1994 na Alien Lanes 1995 sina haja ya kusema, zile Jumamosi mbili watu walitoka kwetu saa saba za usiku na bado wanazungumza ngazini mpaka jirani akafungua mlango.

Sasa tumefika Do the Collapse ya 1999. Ya 11. Mtayarishaji ni Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, kila kitu kimesafishwa, ngoma ziko mbele, sauti ya Pollard imekaa vizuri. Ilipofika wimbo wa sita mmoja wetu akainuka akachukua simu yake kwenye sinia akaondoka, na mwengine akasema usafi umeanza hapa na hii sio bendi ile, wapiga magitaa wa zamani Tobin Sprout hayumo, Mitch Mitchell hayumo, kilichobaki ni jina. Tukazima. Ndo mara ya kwanza tumezima albamu kati.

Wapo wanaosema turuke mpaka albamu za 2012, za wale wa zamani walivyorudi. Wapo wanaosema twende Isolation Drills, inayofuata, moja kwa moja. Mie nataka twende kwa mpangilio kama tulivyokubaliana lakini sitaki kubaki na watu watatu. Nyie mngefanyaje?

urojo_wa_jioni

Rukeni. Nilijaribu kwenda nayo yote kwa mpangilio mwaka juzi peke yangu nikafika ya 15 nikaacha na mpaka leo sijarudi, sio kwa ubaya wa nyimbo, ni kwamba niliigeuza kazi. Kundi la watu saba linalokutana kila wiki ni kitu adimu siku hizi, msilipoteze kwa ajili ya albamu moja.

mzee_wa_kanda

Waaleikum salaam mwanangu. Suali lako nimelisoma mara mbili.

Mie nlikuwa narikodi kanda Darajani miaka ya themanini na tisini, mtu analeta kanda yake ya taarab au ya Kihindi au ya Kongo anataka kopi, namtolea, anakuja jioni anachukua. Hao jamaa wa Ohio nliwajua kwa mtoto wa dada yangu alokwenda kusoma Columbus, akanitumia kanda mbili tatu alizonirikodia mwenyewe, moja ni Alien Lanes. Nilivyoitia kwenye deki tu nikasema huyu mtoto kanipa kopi ya kopi, maana ule mvumo mie naujua, nimeishi nao. Nikamwandikia barua anitumie iliyo safi. Akanijibu mjomba, safi yake ndo hiyo.

Nieleze kidogo kwa vijana maana naona watu wanasema tu lo-fai lo-fai, yaani sauti isiyo safi ya kurikodi nyumbani, kama ni pambo. Kanda ya kawaida ina njia nne ndani yake, mbili upande huu na mbili ukiigeuza. Rekoda ya treki nne inachukua zote nne kwa upande mmoja, kwa hiyo unatia ngoma njia ya kwanza, gitaa ya pili, besi ya tatu, sauti ya nne. Ukiichukua kanda hiyo ukaitia kwenye redio ya nyumbani utasikia vitu viwili vinakwenda mbele na ukiigeuza viwili vinakwenda kinyumenyume. Sasa ukitaka kuongeza zaidi ya vinne, inabidi zile tatu za mwanzo uzimwage kwenye ya nne ikiwa bado tupu, upate nafasi tatu mpya, na kila ukimwaga ule mvumo unaongezeka na sauti za juu zinapungua, na kilichomwagwa hakirudi, huwezi kusema gitaa lipande kidogo, limeshachanganyika na ngoma kama sukari na chai. Ndo maana kwenye Bee Thousand wimbo wa kwanza gitaa linakatika katikati na wakauacha hivyo hivyo. Yeyote alorikodi kwa njia hii anaelewa kwa nini mtu anaamua kuacha, yale yalokuja pamoja usiku ule huwezi kuyapata tena kesho.

Kipindi kile Unguja nzima tumekosa umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nlikuwa nakisikiliza hicho kikanda kwa redio ya betri. Betri zikianza kwisha mwendo unapungua na sauti inashuka, na wallahi nyimbo zile zilistahamili, hata zikishuka nusu sauti bado zina uso wake. Kuna muziki ukiupunguzia umeme kidogo tu unakufa.

Sasa nije kwenye jambo lenu. Huyo alosema usafi umeanza na Do the Collapse hakusikiliza vizuri, mwambie kwa upole. Under the Bushes Under the Stars ya 1996 walikuwa wameshaingia studio ya treki 24. Mag Earwhig! ya 1997 bendi karibu nzima ni watu wa bendi nyengine, Cobra Verde kutoka Cleveland, Doug Gillard ndo kaingia hapo na gitaa lake. Kwa hiyo mlango ulikuwa unafunguliwa polepole miaka mitatu, nyie mkakaa, mkapenda, halafu uliofunguka wote ndo mkashtuka. Nendeni kwa mpangilio. Mkiruka hamtasikia mtu anavyobadilika, mtasikia albamu nzuri nzuri tu, na hizo kila mtu anaweza kuzisikiliza kwake.

bint_chake

Shikamoo mzee, nimeipenda hiyo ya betri sana.

Nyie wa Michenzani mie nna neno na nyie. Do the Collapse ndo albamu ilonitia kwenye bendi hii. Sikuanza na Bee Thousand, sikuwa na mtu wa kunambia anza hapa, nilikuwa Chake, nna bando la wiki, nikakutana na wimbo mmoja wa pole pole wa albamu hiyo usiku, mama yangu alikuwa mgonjwa chumba cha pili, nikausikiliza nikauweka tena nikauweka tena mpaka asubuhi. Najua mashabiki wengi wa hii bendi wanauona wimbo ule ni mtamu mno, wanasema umetengenezwa kwa ajili ya redio. Sawa. Lakini mie nilikuwa nataka kitu kitamu usiku ule na alonipa ni Pollard yule yule.

Kinachonikera ni hivi, watu wamezoea kwamba mvumo wa kanda ni ukweli na sauti safi ni uongo. Kwani mtu akivaa kanzu ilopigwa pasi kawa si yeye? Yule ni mtu alorikodi chumbani miaka kumi na kitu kwa sababu hakuwa na fedha ya studio, siku kapata fedha kaingia studio, mnataka aendelee kurikodi kwenye banda la gari ili nyie mjisikie vizuri? Mie nasema kosa la albamu ile sio usafi, kosa lake lipo kwengine, nyimbo kama nne za katikati zinafanana mwendo na ngoma zinapigwa kwa nguvu ile ile toka mwanzo, hapumziki mtu. Hilo nakubali na nalisema mchana kweupe. Lakini usafi, hapana.

Na mkiruka mtaikosa Isolation Drills inavyotakiwa kusikika. Ile ya 2001, mtayarishaji Rob Schnapf, hata mwimbaji Elliott Smith yumo humo anapiga kinanda. Pollard wakati ule ndoa yake imevunjika na safari ndefu za bendi zimemchosha, na ukitoka kwenye Do the Collapse moja kwa moja ukaingia hiyo unasikia mtu alopewa nyumba kubwa yenye taa zote, akakaa ndani yake akagundua yuko peke yake. Sauti ni ile ile safi, ila sasa ndani yake mna mtu. Ukiruka utasema tu ah albamu nzuri. Mie nililia wimbo wa pili.

Mumrudishe huyo alochukua simu yake kwenye sinia.

kinanda_cha_vuga

Naomba niongeze kwa upande wa mpigaji. Mie napiga kanuni, nimelelewa kwenye taarab, na niliwachukia hawa watu mara ya kwanza, niseme ukweli. Kwetu wimbo una heshima zake. Vyombo vinaanza na bashraf, watu wanakaa sawa, mwimbaji anaingia, ubeti, kiitikio, vyombo vinajibu, mtu anainuka kwenda kutunza anarudi kwenye kiti, ubeti wa pili, dakika kumi na tano zimekwenda na hakuna alosema umekuwa mrefu. Halafu naletewa Alien Lanes, nyimbo 28 kwa dakika 41. Nilipiga hesabu, ni kama sekunde 88 kila mmoja. Sekunde 88 sie bado tunakaza nyuzi.

Nilichokuja kukielewa baadae ni kwamba nilikuwa nauchukua kila wimbo mdogo kama wimbo mzima ulokatwa. Sio hivyo. Sikilizeni anavyounganisha, wimbo unaisha pale ambapo mwengine angerudia kiitikio mara ya pili, anakupa kitu kizuri mara moja na anakwenda zake, na unaofuata unaanza kabla hujamaliza kutamani ule ulopita. Ukisikiliza albamu nzima kwa pamoja unakuta ni wimbo mmoja mrefu wenye beti 28 na kila ubeti una maqam yake. Tangu siku hiyo naisikiliza kama ninavyosikiliza usiku mzima wa taarab, sio kama kanda ya nyimbo mbali mbali.

Jengine, kuhusu maneno. Wenzangu wengi wanaacha kwa sababu wanasema maneno yake hayana maana. Pollard anatengeneza makolaji pia, anakata picha kwenye magazeti na vitabu vya zamani anazibandika, majalada mengi ya bendi ni kazi yake. Maneno yake ni hivyo hivyo, vipande vimewekwa pamoja. Sie tumezoea fumbo, na fumbo lina mwenyewe, limetungwa kwa mtu fulani na anaepigwa nalo anajijua hata akikaa safu ya nyuma. La huyu halina mlengwa. Kwa hiyo kulifumbua haina haja, unaliacha likae, na baada ya wiki unajikuta jikoni unaliimba na umeshalipa maana yako. Nna mstari mmoja wa Bee Thousand mimi na mke wangu tunautumia tukitaka kuambiana twende tukalale na hauna uhusiano wowote na kulala.

Kwa suali lako, nakubaliana na mzee. Ila badilisheni kitu kimoja, albamu za studio kama hizo msizisikilize kwa spika ndogo ya bluutuu. Albamu za kanda zinapendeza humo kwa sababu hazina vitu vingi chini na juu. Do the Collapse ukiitia kwenye kispika kidogo ngoma zinakula kila kitu na mtu atachoka wimbo wa tano, sishangai mwenzenu kaondoka wa sita. Tafuteni spika mbili za kweli, ziwekeni mbali mbali, halafu msikilize magitaa ya Gillard yalivyokaa kushoto na kulia.

mwl_wa_wete

Samahani nimechelewa kuingia nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Mie sijui sana habari za treki na spika ila kuna jambo moja kuhusu Pollard kila nikilifikiria linanikaa, yule bwana alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, darasa la nne, huko huko Dayton, miaka 14. Mie mwenyewe darasa la nne, hapa Wete, mwaka wa 11. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema kaandika nyimbo nyingi mno, nyengine angeziacha, mie namwona mtu anaetoka skuli saa nane, chaki mkononi, watoto 30 wamemmaliza sauti, anakwenda nyumbani ana watoto wake wa kuwalisha na bado usiku anakaa na gitaa anatoa nyimbo tatu, kesho asubuhi yuko darasani tena anafundisha kugawanya, na miaka inakwenda na hakuna anaemjua nje ya mji wake, santuri wanazitoa kwa fedha zao wenyewe zinakaa kwenye maboksi, na Bee Thousand inatoka 1994 yeye ana miaka 36. 36! Hapa kwetu mtu wa miaka 36 akisema bado nataka kuwa mwanamuziki anaitiwa mashehe wamsomee.

Ndo maana naona wingi wake sio ujivuni. Mtu ameishi muda mrefu bila ya msikilizaji, ameshazoea kuandika bila kusubiri aulizwe, sasa mlango umefunguka atajifungia vipi. Mie naandika tenzi, si nyingi, na najua utenzi wa tisa hauji kama hujaandika ule mbaya wa nane, haukai kichwani ukasubiri zamu yake, lazima ule mbaya utoke kwanza. Basi ukiruka albamu zake dhaifu unataka wa tisa bila wa nane.

Hata yeye mwenyewe hazitupi. Earth Man Blues ya 2021 imejengwa kwa nyimbo za zamani alizokuwa amezikataa, kazirudia kazipanga upya zikawa hadithi moja ya utotoni. Mtu anarudi kwenye jaa lake mwenyewe anatoa kitu. Mie hiyo naiweka katika tano bora zao na sijali nani atabisha.

Jambo moja tu kwa pwani_ya_malindi, ulevi wao jukwaani unajulikana na mie siuingii wala siutetei, na wanafunzi wangu wakubwa wakiniuliza nawaambia chukueni muziki liacheni hilo. Nadhani na nyie Michenzani mna vijana wadogo mnakaa nao, lisemeni wazi mapema, halitawaharibia muziki.

pwani_ya_malindi

Ahsanteni sana. Mwalimu hilo la mwisho umenikumbusha, binamu yangu ana mdogo wake wa miaka 16 anakaa nasi, na usiku wa ile albamu ya 1990 ndo alouliza yeye, kwa nini mtu anaimba habari za mlevi kama anamuonea huruma, na tukazungumza nae nusu saa nzima, labda ndo mazungumzo mazuri kuliko yote tulowahi kuyafanya pale.

Nimempigia yule alochukua simu yake. Sikumwambia habari za mpangilio. Nikamsomea maneno ya bint_chake, ya usiku ule na mama yake. Akanyamaza. Halafu akasema yeye hasira zake hazikuwa za albamu, ni kwamba Bee Thousand ilimkuta wakati mzuri, alikuwa amepata kazi hotelini baada ya miezi minane ya kukaa tu, na kila albamu ilofuata alikuwa anataka impe tena ule usiku. Nikamwambia hata mie.

Kinanda, spika tumezipata, za kuazima, kutoka kwa jamaa anaepiga muziki kwenye harusi. Kubwa kidogo kwa chumba kile ila tutaziweka chini.

Ila nna suali la pili sasa. Tukimaliza Isolation Drills zinakuja Universal Truths and Cycles, Earthquake Glue na Half Smiles of the Decomposed, halafu wanavunjika. Onyesho la mwisho lilikuwa usiku wa 31 Disemba 2004, Metro, Chicago, nyimbo zaidi ya 60. Nafikiria tusimame hapo, tupumzike mwezi mzima bila albamu hata moja, ili na sie tuonje kukosa bendi kabla hawajarudi. Wao walikaa mpaka 2010. Mwezi unatosha?

urojo_wa_jioni

Hilo la kupumzika mwezi limenigusa. Ndo kitu nilichokosa mie, nilikuwa naunga moja kwa moja kama mtu anaekunywa dawa. Naifuta rukeni yangu. Na ikiwa kuna nafasi naomba kuja, nipo Mlandege, nimeishia kwenye Half Smiles mwenyewe kwa hiyo mkifika hapo mtanikuta nasubiri.

bint_chake

Mwezi hautoshi lakini sawa.

Halafu mnajua kwamba hesabu yenu ina kasoro? Ya 11 mnayosema ni ya 11 mkiiacha Tonics & Twisted Chasers ya 1996, ile Pollard na Sprout waliyowatolea mashabiki wa klabu yao. Mkiitia hiyo Do the Collapse inakuwa ya 12. Mie naihesabu. Ina nyimbo zimekaa kimya kimya, kama watu wawili wanaimba huku mmoja kalala chumba cha pili hawataki kumuamsha. Itieni kabla ya kurudia Do the Collapse, itawasaidia, mtamuaga Sprout vizuri, maana naona nyie hamjamuaga, mmemkuta tu hayupo.

mzee_wa_kanda

Hili la bint_chake ni sahihi na mie nlikuwa nimelisahau.

Pia kwa wale wanaosema bila ya wale wa zamani sio bendi, msiseme hivyo mkifika mbele. Please Be Honest ya 2016 kapiga vyombo vyote Pollard peke yake, basi hapo mtasemaje, haina bendi kabisa. Halafu akawakusanya hawa wa sasa, Gillard karudi, Kevin March, Mark Shue na Bobby Bare Jr. Huyo wa mwisho baba yake ni Bobby Bare wa muziki wa kantri, mie nlikuwa nna kanda zake zamani, kwa hiyo siku nilivyoliona jina nikafurahi kama nimemkuta mtoto wa rafiki yangu. Na hawa wa sasa ndo wamekaa pamoja muda mrefu na wamerikodi nyingi kuliko wale wa 1994 ambao watu wanawalilia. Styles We Paid For ya 2020, wakati wa korona, kila mmoja karikodi alipo, hawakuonana, na ukisikiliza huwezi kujua. Zeppelin Over China ya 2019 ina nyimbo 32, hiyo jitengeeni usiku wenye kahawa nyingi.

pwani_ya_malindi

Tumeshafanya. Jumamosi ya jana tulianza na Tonics, watu wanane, urojo_wa_jioni alikuja na akaleta bajia. Bint_chake tulimpigia simu tukaiweka karibu na spika ikabaki wazi, sauti ilikuwa inamkatikia lakini alikataa tukate. Tonics ilipomaliza hakuna alosema neno, na kanuni yetu ilikuwa inaruhusu kusema.

Kisha Do the Collapse, spika kubwa. Sitosema kila mtu kageuka. Wawili bado hawaitaki, wanasema nyimbo za katikati zinachosha na hapo mie nakubaliana nao na bint_chake pia kwenye simu akakubali. Lakini magitaa, kinanda ulikuwa sawa, kuna sehemu moja la kushoto linauliza na la kulia linajibu, tulikuwa hatujalisikia kabisa mara ya kwanza. Wimbo wa bint_chake ulipofika tulimsikia anaimba nao, huko Chake, anachelewa kidogo nyuma ya wimbo kwa sababu ya simu. Yule mwenzetu alochukua simu yake siku ile akainuka tena, mie roho ikaniruka, kumbe anakwenda kuongeza sauti ya simu ili tumsikie yeye zaidi kuliko Pollard.

Wiki ijayo Isolation Drills. Mzee wa kanda, ukiweza ngazi tatu za Michenzani tunaomba uje, kijana wetu mmoja atakufata Darajani baada ya isha.

mzee_wa_kanda

Ngazi naziweza polepole. Ntakuja na ile kanda yangu ya Alien Lanes na redio yangu. Mtafute betri nne zile kubwa.